Wana wa Wafalme Waliouawa: Vifo Vilivyopita Kiasi Katika Hadithi za Dunia

Mfalme akiuawa katika hadithi, watu huuliza nani atarithi. Mwana wa mfalme akiuawa, aliyekuwa arithi ndiye aliyelala chini, na swali linabaki halina pa kwenda. Ndiyo maana watunzi wa kila zama, tangu makarani wa Misri walioandika kwenye mafunjo hadi wanaoandikia televisheni leo, hawajachoka kukirudia kifo hiki.

Hapa nimekusanya vile vilivyopita kiasi: kilichotumia silaha ndogo kuliko zote, kilichochukua muda mrefu kuliko vyote, kilichoacha maiti nyingi zaidi jukwaani, na vingine. Masharti ni matatu. Anayekufa awe wa ukoo wa kifalme lakini asiwe ameketi kwenye kiti. Afe kwa kuuawa, si kwa homa. Na kifo chenyewe kiwe kimesimuliwa na mtunzi, hata kama mtu huyo huenda aliwahi kuishi. Nilipovipanga vifo hivi kuna jambo lililojitokeza lenyewe: karibu kila mara, ndani ya mauaji hayo umo mkono wa mtu wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee wetu, na watunzi wa Ugiriki, Uajemi, Bara Hindi, Uingereza na Lamu wameshuhudia jambo hilohilo bila kuonana.

Maiti nyingi zaidi katika onyesho moja

Hapa hapana mshindani wa Hamlet, mwana wa mfalme wa Denmark, katika tamthilia ambayo William Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1600. Onyesho la mwisho linapokwisha, maiti nne zimelala ukumbini: malkia aliyekunywa kikombe cha sumu ambacho hakikuandaliwa kwa ajili yake, Laertes aliyechomwa kwa upanga alioupaka sumu mwenyewe, Mfalme Claudius, na Hamlet. Ukiongeza waliotangulia, yaani Polonius aliyechomwa nyuma ya pazia, Ophelia aliyezama mtoni, na marafiki wawili wa zamani waliopelekwa Uingereza na barua iliyoagiza wauawe wao wenyewe, wanafika wanane. Mfalme wa kwanza, yule ambaye mzimu wake ndio ulioanzisha yote, simhesabu.

Mauaji haya yamevikwa sura ya mchezo. Ni shindano la panga mbele ya baraza, watu wamewekeana dau, mama amesimama kumtakia mwanawe ushindi. Sumu inamwingia Hamlet kwa mchubuko mdogo, naye anaendelea kusimama, kupigana na kusema. Katika dakika hizo chache za uhai uliokwisha ndipo anapomuua baba yake mdogo, jambo aliloshindwa kulifanya katika tamthilia nzima. Analipiza kisasi akiwa tayari ameshauawa. Sijui kama kuna mtunzi mwingine aliyeubana muda wa mtu kwa ukatili kama huo na bado ukaonekana kuwa wa haki.

Anashika rekodi nyingine pia. Tamthilia yake ndiyo ndefu kuliko zote za Shakespeare, mistari ipatayo 4,000, na ikichezwa bila kupunguzwa hupita saa nne. Kati ya mwaka 2014 na 2016, kundi la ukumbi wa Globe wa London liliizungusha karibu dunia nzima, likichezea majumba ya sanaa, viwanja na hata kambi za wakimbizi. Na kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Katika kisa cha kale kilichoandikwa na Saxo Grammaticus wa Denmark karibu na mwaka 1200, kijana huyu, aitwaye Amleth, anafanikiwa kumuua ami yake, anatawazwa, na anakuja kufa baadaye vitani. Kifo kile cha mapema, pale pale penye ushindi, ni cha jukwaani.

Maiti iliyodhalilishwa kwa siku nyingi zaidi

Hector wa Troy ndiye aliyekuwa ukuta wa mji ule. Mfalme Priam alikuwa na wana hamsini, lakini katika utenzi wa Iliad, wenye vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000, ni huyu mmoja ambaye akianguka kila mtu anajua kwamba mji nao umeanguka.

Anauawa katika kitabu cha 22, baada ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, kumkimbiza kuzunguka kuta mara tatu. Tazama anavyosimamishwa. Anamwona ndugu yake Deiphobus amekuja kumsaidia. Moyo unamrudi, anageuka kupigana. Anautupa mkuki wake, unagonga ngao na kudunda. Anamgeukia ndugu yake ampe mwingine, na hapo hapana mtu. Alikuwa mungu wa kike Athena, amevaa sura ya ndugu. Hata pale ambapo ndugu halisi hana kosa, Homer aliona kwamba hila ya kumvuta shujaa huyu hadi kwenye kifo isingefaulu kwa sura nyingine yoyote.

Deraya aliyoivaa Hector ilikuwa ya Achilles mwenyewe, aliyomvua Patroclus, rafiki wa Achilles. Kwa hiyo muuaji anaijua vizuri. Anatafuta kwa macho pale inapoacha nafasi, shingoni karibu na mtulinga, na mkuki unapita hapo. Kisha anamtoboa miguu, anamfunga nyuma ya gari la farasi na kumburuza. Siku baada ya siku anamburuza kulizunguka kaburi la Patroclus, mpaka siku ya kumi na mbili miungu yenyewe inachoka kutazama na kuamuru iishe. Wakati mumewe anauawa, Andromache yuko nyumbani anafuma, na amekwisha kuwaagiza wajakazi waweke chungu kikubwa motoni ili Hector akitoka vitani akute maji ya kuoga. Hajui bado. Kelele zinamfikia kutoka ukutani na chombo cha kufumia kinamponyoka.

Halafu Priam anakwenda usiku kwenye hema la adui na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe. Iliad haiishii kwenye ushindi wa mtu yeyote. Inaishia kwenye maziko ya Hector. Utenzi mzima wa vita umefungwa kwa kaburi la upande ulioshindwa, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyomo.

Mwana wa Hector, Astyanax, anashika rekodi ya umri mdogo. Ni mtoto wa kubebwa, na Wagiriki wanamtupa kutoka juu ya kuta ili asije akakua na kulipiza. Euripides alikiweka kifo hicho katika tamthilia ya Wanawake wa Troy, iliyochezwa Athens mwaka 415 kabla ya Kristo. Mwili mdogo unarudishwa kwa bibi yake ukiwa umelazwa kwenye ngao ya baba. Miezi michache kabla ya onyesho hilo, jeshi la Athens lilikuwa limewaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza utumwani wanawake na watoto. Watazamaji waliokaa pale walikuwa raia wa dola iliyofanya hivyo, na wengine huenda walikuwa askari walioshiriki. Euripides aliwaonyesha mtoto huyo bila kuutaja Melos. Tamthilia hiyo ilipata nafasi ya pili katika mashindano.

Pambano lisilo la haki kuliko yote

Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Bara Hindi ambao kwa waumini wa Kihindu ni zaidi ya hadithi, vita vya Kurukshetra vinachukua siku 18. Siku ya 13 ni ya Abhimanyu, mwana wa Arjuna, mwenye umri wa miaka 16.

Jeshi la upande wa pili limejipanga kwa safu ya gurudumu, mzunguko ndani ya mzunguko, na anayejua kuivunja ni Arjuna, ambaye siku hiyo amevutwa mbali kwa makusudi. Kijana anajitolea. Anawaambia wakubwa zake ukweli wote: baba alimfundisha kuingia, hakumfundisha kutoka. Wanamwambia aingie, wao watamfuata nyuma yake na kumtoa. Anaingia. Jayadratha anauziba mwanya, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumfuata.

Sheria za vita hivyo zilikuwa wazi: mmoja kwa mmoja, silaha kwa silaha, aliyenyang'anywa silaha asipigwe. Mashujaa wakubwa wakakusanyika kwa kijana mmoja. Miongoni mwao alikuwapo Drona, mwalimu wa baba yake. Karna akaukata upinde wake. Wengine wakaua farasi wake na mwendesha gari. Akachukua upanga, ukavunjwa. Akainua gurudumu la gari na kupigana nalo, likavunjwa. Akachukua rungu. Alipoanguka pamoja na mwana wa Dushasana, mwenzake akawahi kuinuka na kumpiga kichwani kabla hajasimama.

Na wote hao walikuwa jamaa. Vita vile ni vya watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo waliomzunguka kijana ni wajomba, baba wadogo na walimu wa ukoo. Watu waliokaa vizuri pamoja mezani ndio waliovunja kila sheria waliyoapa kuishika, na waliivunja kwa ajili ya mtoto wa nyumba moja nao. Tangu siku hiyo vita havikurudi tena kwenye heshima. Arjuna akaapa kwamba Jayadratha hatauona usiku wa siku inayofuata, na hakuuona. Mke wa Abhimanyu, Uttara, alikuwa mjamzito. Mtoto aliyezaliwa, Parikshit, ndiye aliyekuja kuurithi ufalme wote.

Silaha ndogo kuliko zote

Rekodi hii ni ya kwetu, na naiandika kwa fahari na kwa huzuni. Fumo Liyongo, mwana wa ukoo wa kifalme wa pwani ya Pate, Shanga na Ozi, hakuuawa kwa upanga wala kwa mkuki. Aliuawa kwa sindano ya shaba.

Visa vyake vilikuwa midomoni mwa watu kwa karne kadhaa. Edward Steere alichapa simulizi moja mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga nakshi, akaviweka katika utenzi ambao ndio unaosomwa zaidi hadi leo. Ndani yake tunamkuta mtu wa kimo cha ajabu, mpiga mishale asiyekosa, na bingwa wa mashairi. Mtawala wa Pate anamwogopa. Anajaribu kumuua kwa njia kadhaa na zote zinashindikana.

Kwanza wanatumwa watu wa mwituni wampandishe mkomani, ili akiwa juu wampige mishale. Liyongo anakataa kupanda. Anayaangusha makoma kwa mishale yake akiwa chini. Kisha anakamatwa na kufungwa gerezani. Anaomba jambo moja kabla ya kufa, achezewe ngoma ya gungu. Mama yake anamtuma mjakazi Saada na mkate mkubwa wa wishwa. Walinzi hawautamani mkate wa wishwa, wanauacha upite, na ndani yake mna tupa. Ngoma inapopamba moto nje, yeye anakereza minyororo ndani, sauti ya chuma imefunikwa na sauti ya matari na siwa. Anatoka mlangoni akiwa mtu huru. Sijasoma mahali popote kutoroka gerezani kulikotungwa vizuri hivyo, na ninafurahi kwamba aliyekutunga alikuwa Mswahili.

Kwa hiyo adui wa nje ameshindwa. Ndipo anapotafutwa wa ndani. Liyongo ana mtoto wa kiume. Baadhi ya simulizi husema ni mpwawe. Mtawala anamwita kijana, anamkirimu, anamwahidi cheo na mke wa kifalme, akamwulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Kijana anakwenda na anauliza.

Hapo ndipo utenzi unapofikia mahali ambapo tenzi nyingine za mashujaa hazikufika. Liyongo anaelewa. Anajua kwa nini swali hilo limekuja, anajua nani kalituma, na anamwambia mwanawe kwamba anaona nia yake. Kisha anamjibu. Anamwambia kweli tupu: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Siegfried, mwana wa mfalme wa Xanten katika utenzi wa Wajerumani wa karibu mwaka 1200, naye alikuwa na sehemu moja tu inayoumia, mgongoni, pale jani lilipomwangukia alipokuwa akioga damu ya joka. Lakini siri ya Siegfried ilitolewa na mkewe aliyedhani anamlinda. Alishona alama kwenye vazi lake, na Hagen akaulenga mkuki papo hapo wakati mwenzake ameinama kunywa maji. Siri ya Liyongo ilitolewa na Liyongo. Baba hakuweza kumnyima mwanawe jibu hata jibu lenyewe lilipokuwa roho yake. Wasomi wameandika mengi kuhusu kitovu hicho, mahali mtu alipounganishwa na mama yake, na nadhani wana hoja. Mimi narudi kwenye sura ya mtoto anayepewa kile alichokiomba.

Kijana anachelewa. Anakuwa nayo sindano na mkono haumnyanyuki. Hatimaye anamchoma baba akiwa usingizini na kukimbia.

Liyongo anaamka na maumivu, anachukua upinde na mishale, anakwenda hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anaweka mshale na kuvuta. Anafia hapo, katika hali hiyo hiyo. Wanaokuja kuteka maji wanamwona wanakimbia. Mji unakaa siku kadhaa bila maji, na hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwendea mama yake wamsihi aje ambembeleze. Mama anakuja, anamwita kwa maneno ya upole na ya nyimbo, akidhani mwanawe amekasirika. Mpaka mwili unapoanguka wenyewe ndipo watu wanapojua kwamba wamezuiwa na maiti, na sindano inaonekana kitovuni.

Hiyo ni rekodi ya pili kwa kifo hicho kimoja. Nimetafuta mwana wa mfalme mwingine ambaye maiti yake ililinda kisima dhidi ya mji mzima, sijampata. Kuhusu muuaji, simulizi zinatofautiana, ila hakuna hata moja inayompa alichoahidiwa. Huko Kipini, penye mlango wa mto Tana, watu wameonyesha kaburi la Liyongo kwa vizazi.

Baba aliyemtuma mwanawe kufa

Wagiriki wana Hippolytus, aliyelaaniwa na baba yake Theseus kwa kosa ambalo hakulitenda. Fahali akatoka baharini, farasi wakashtuka, kijana akaburuzwa juu ya miamba. Euripides alipata tuzo ya kwanza kwa tamthilia hiyo mwaka 428 kabla ya Kristo. Laana ile, hata hivyo, ilitamkwa kwa hasira, na Theseus anajuta kabla mwanawe hajakata roho.

Kwa hiyo rekodi naipeleka Uajemi. Firdausi alimaliza Shahnama mwaka 1010, beti zipatazo 50,000, baada ya kuifanyia kazi kwa miongo mitatu. Humo mna Rostam anayemuua Sohrab bila kujua ni mwanawe, kisa kinachojulikana zaidi. Lakini kuna Esfandiyar. Mfalme Goshtasp ameahidi kumwachia kiti, na kila mara anapata sababu ya kuchelewesha. Mwisho anamwuliza mtabiri, naye anamwambia kwamba kijana atafia mikononi mwa Rostam. Baba akishasikia hivyo, ndipo anapomtuma mwanawe akamlete Rostam amefungwa minyororo. Hakutamka laana, hakushika kisu. Alitoa amri ya kiserikali.

Mwili wa Esfandiyar hauingii silaha, isipokuwa macho. Ndege wa ajabu, Simurgh, anamfundisha Rostam achonge mshale wa tawi la mti wa tamariski, na mshale huo unayapata macho. Akiwa anakufa, Esfandiyar hamlaumu aliyepiga mshale. Anamtaja baba yake. Kisha anafanya jambo linalonishangaza kila ninapolikumbuka: anamkabidhi Rostam mtoto wake Bahman amlee.

Ukitaka rekodi ya ukatili mtupu, ni ya Chiron na Demetrius, wana wa malkia wa Wagothi katika Titus Andronicus, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya mwanzo ya 1590. Wanachinjwa, wanasagwa, wanaokwa, na mama yao anawala bila kujua. Mwaka 2014 watazamaji kadhaa walizirai katika ukumbi wa Globe. Naitaja kwa sababu haina mpinzani. Damu nyingi kiasi hicho hainiachii nafasi ya kumlilia mtu.

Kifo cha polepole kuliko vyote

Wa hapa amevunja kanuni niliyoitaja mwanzoni: hakuuawa na jamaa. Prince Andrei Bolkonsky wa Vita na Amani, riwaya ya Leo Tolstoy, ni mwana wa familia ya kifalme kwa cheo cha Kirusi, na aliyemuua ni kombora la Wafaransa ambalo halikumlenga yeye.

Ni Borodino, Septemba 1812. Kikosi chake kimewekwa akiba, kinasimama chini ya mizinga kwa saa nyingi na kupoteza theluthi ya watu bila kufyatua risasi hata moja. Kombora linaanguka karibu naye na kuzunguka chini, bado halijapasuka. Msaidizi wake amelala chini. Andrei anabaki amesimama, kwa sababu askari wanatazama, na wakati huohuo anagundua kwamba anayapenda maisha, majani na hewa. Anapata jeraha la tumbo. Tolstoy anamchukua kutoka hema la madaktari hadi Moscow, kwenye mikokoteni ya familia ya Natasha, mwanamke aliyemvunja moyo, hadi Yaroslavl, ambako anafariki wiki kadhaa baadaye akiuguzwa na Natasha huyohuyo na dada yake Marya. Sura hizo ni maelezo marefu na ya ukweli kuliko yote niliyowahi kuyasoma kuhusu mtu anavyoachana na waliomzunguka wakati bado wanamshika mkono.

Alipaswa kufa mapema zaidi. Tolstoy alieleza katika barua ya mwaka 1865 kwamba alihitaji kijana mashuhuri wa kuuawa katika vita vya Austerlitz vya mwaka 1805, kisha akavutiwa naye, akampa jeraha badala ya kifo. Miaka saba ya uhai wa Andrei, na sehemu kubwa ya riwaya, ilitokana na mwandishi kumhurumia.

Ushindi uliogeuka haraka kuliko wote

Tarehe 1 Juni 2014 televisheni ya HBO ilirusha sehemu ya nane ya msimu wa nne wa Game of Thrones. Mwana wa mfalme wa Dorne, Oberyn Martell, aliyeigizwa na Pedro Pascal, anaingia ulingoni kupigana na jitu liitwalo Gregor Clegane. Waliosoma riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 2000 walikuwa wanajua. Waliobaki walishangilia.

Oberyn ni mwepesi, mkuki wake umepakwa sumu, na hataki tu kushinda. Anataka Clegane akiri. Dada yake Elia alibakwa na kuuawa na Clegane, na watoto wake wakauawa. Mmoja wao mchanga, mwana wa mfalme pia, kwa namna inayomkumbusha msomaji Astyanax. Anamzunguka na kuyarudia mashtaka hayo kila anapopiga. Jitu linaanguka, limechomwa kifuani. Pambano limekwisha. Oberyn hataki limalizike hivyo. Anasogea aambiwe nani alitoa amri. Mkono mmoja unamvuta mguu, na kwa muda mfupi tu anapata alichodai: Clegane anakiri kwa sauti, akiyabonyeza macho ya Oberyn na kukipasua kichwa chake. Kukiri na kifo vinakuja kwa pumzi moja.

Wengi walilalamika kwamba ulikuwa ukatili wa kupita kiasi. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Tofauti na akina Chiron, kila pigo hapa lina sababu, na sababu hiyo ni dada aliyekufa miaka mingi kabla. Oberyn hakuuawa na jamaa; aliuawa kwa ajili ya jamaa.

Baada yake, katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na ambayo Lupita Nyong'o anaigiza ndani yake, tulirudi moja kwa moja nyumbani. Prince N'Jobu wa Wakanda anauawa mwaka 1992 katika chumba cha ghorofani huko Oakland, California, na anayemuua ni kaka yake, Mfalme T'Chaka. Kifo kile kinachukua sekunde chache. Kosa kubwa zaidi linafuata: mtoto wa marehemu anaachwa Marekani, na siri inafunikwa. Filamu nzima ni deni la chumba kile.

Kilichosomwa kwa lugha nyingi zaidi, na cha kale zaidi

Mwana mdogo wa mfalme wa Antoine de Saint-Exupéry, aliyechapishwa New York mwaka 1943, ametafsiriwa kwa lugha na lahaja zaidi ya 500, Kiswahili kikiwamo, chini ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Watu husahau kwamba anakufa kwa sumu ya nyoka jangwani, kwa kuumwa kifundoni, na kwamba yeye mwenyewe alikwenda kukutana na nyoka huyo kwa miadi.

Cha kale kuliko vyote kimo katika mafunjo yaliyohifadhiwa British Museum, yaitwayo Harris 500, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Mfalme wa Misri anapata mtoto wa kiume, na miungu ya kike saba inatamka kwamba atauawa na mamba, au nyoka, au mbwa. Baba anamjengea nyumba ya mawe jangwani asitoke. Mtoto anaona mbwa kutoka juu ya dari na kumtaka. Mfalme, kwa kumhurumia, anasema apewe mbwa mdogo. Kijana anakua, anakwenda nchi ya mbali, anashinda binti wa mfalme kwa kuruka hadi dirisha lenye kimo cha dhiraa 70. Mkewe anamnywesha pombe nyoka aliyekuja usiku na kumkatakata. Kisha mbwa anapata kauli na kumgeukia bwana wake, yule mbwa aliyemlea tangu utotoni. Kijana anakimbilia majini, na mamba anamshika. Mamba anamwambia kwamba yeye ndiye ajali yake, lakini kuna jini la majini analopigana nalo muda mrefu. Kijana akimsaidia kuliua, atamwachia.

Hapo mafunjo yamekatika, na sehemu iliyobaki haijapatikana. Wataalamu wengi hudhani aliokoka, kwa kuwa mke ni hodari na hadithi inampenda. Mimi naegemea kwa mbwa. Nyoka alikuja kutoka nje, mamba alikaa majini kwake. Wa tatu alikuwa amelala miguuni pa kijana miaka yote hiyo, amelishwa kwa mkono wake, na ni zawadi ya baba.